Bunduki ya Kwanza Marekani: Unalipia Chuma au Unalipia Jina?

Ingia duka lolote la bunduki Texas au Kentucky, utazame ukuta ulio nyuma ya kaunta. Utaona bunduki mbili nyeusi za aina ya AR-15 ambazo mgeni hawezi kuzitofautisha. Moja imebandikwa bei ya karibu dola 600. Ya pili inapita dola 2,000. Zinakula risasi moja, zinapokea magazini moja, na ukizifungua mezani utakuta vipande vingi vya hii vinaingia kwenye ile bila kupigwa tupa. Hiyo tofauti ya dola 1,400 inanunua nini? Jibu langu ni kwamba sehemu yake inanunua chuma bora na mikono makini, na sehemu nyingine inanunua jina tu. Mnunuzi asiyejua kuvitenganisha viwili hivyo ama atalipa kupita kiasi ama atabahatisha.

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi Marekani. Wengi tumetoka katika nchi ambako bunduki ni ya askari, ya mlinzi wa benki au ya mhalifu, na raia wa kawaida hana pa kujifunzia lolote kuihusu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Huku Marekani mtu anaajiriwa, na msimu wa kuwinda ukifika wenzake kazini wanamwalika shambani, naye anajikuta anatakiwa kuchagua kitu ambacho hajawahi hata kukishika. Wapo pia kati yetu waliozikimbia bunduki Kivu na Burundi na hawataki kuziona tena maishani. Hao hawana deni la maelezo kwa mtu yeyote. Haya ni kwa yule aliyekwisha kuamua kwamba anataka kuwinda au kulenga shabaha, na anataka afanye hivyo kwa akili.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Bunduki ya nusu otomatiki hutoa risasi moja kila unapovuta triga. Baada ya risasi kutoka, nguvu ya mlipuko ndiyo inayorusha ganda nje na kuingiza risasi nyingine chemba, lakini haitatoka mpaka uachie triga na kuivuta tena. Bunduki inayomwaga risasi mfululizo ukiwa umeshikilia triga ni kitu kingine kabisa, na sheria zake ni nyingine.

Na kabla ya chuma, karatasi. Dukani utajaza fomu ya serikali ya shirikisho namba 4473, kisha muuzaji ataulizia jina lako katika mfumo wa ukaguzi unaosimamiwa na FBI. Kwa bunduki ndefu, sheria ya shirikisho inataka mnunuzi dukani awe ametimiza miaka 18, na majimbo kadhaa yamepandisha umri huo hadi 21. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua kama raia, akionyesha uthibitisho wa anakoishi. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa hata kuimiliki, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Kama hali yako ya uhamiaji ina utata wowote, mlipe mwanasheria wa uhamiaji saa moja ya kazi yake kabla ya kukanyaga dukani, kwa sababu kosa la bunduki ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mgeni nchini. Fomu hiyo inauliza pia kuhusu matumizi ya bangi, hata kama jimbo lako limeihalalisha, na kudanganya kwenye fomu ni kosa la jinai.

Nasisitiza mengine mawili kwa sababu ya desturi zetu za kusaidiana. Ukipewa hela na binamu ambaye hawezi kupita ukaguzi, akuombe umnunulie kwa jina lako, kataa, hata kama ndiye aliyekupokea uwanja wa ndege siku ya kwanza. Sheria ya shirikisho ya 2022 imeweka adhabu inayofika miaka 15 jela kwa ununuzi wa namna hiyo. Wala usithubutu kumtumia mtu nyumbani bunduki au hata magazini tupu ndani ya pipa la nguo. Kuisafirisha nje bila kibali ni kosa Marekani, na kuiingiza bila kibali ni kosa huko inakofika. Halafu kuna sheria za majimbo. California, New York, Illinois na Washington zimepiga marufuku uuzaji wa bunduki nyingi za aina hii, na kile kinachouzwa kihalali Dallas kinaweza kukufunga Chicago. Soma sheria za jimbo lako, na za jimbo unalohamia.

Sasa kazi. Bunduki inanunuliwa kwa ajili ya kazi fulani, na kazi hiyo ndiyo inayoamua risasi, si muuzaji wala video za mtandaoni. Anayetaka kujifunza kulenga, au kuwinda sungura na kindi, anahitaji risasi ndogo ya .22 LR, basi. Anayealikwa kuwinda nguruwe mwitu Texas, ambako tangu Septemba 2019 hahitaji hata leseni ya uwindaji ikiwa yuko kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ridhaa ya mwenyewe, atataka kitu kikubwa zaidi, na hapo AR-15 ya .223 inaingia. Lakini usidhani kwamba bunduki hiyo hiyo itakupeleka kuwinda paa popote. Risasi ya .223 ina kipenyo cha inchi .224. Virginia inataka angalau .23 kwa paa, Colorado inataka angalau .24 kwa wanyama wakubwa, kwa hiyo katika majimbo hayo mawili AR ya kawaida itabaki nyumbani. Pennsylvania nayo iliruhusu nusu otomatiki mwaka 2017 kwa wanyama wadogo, lakini si kwa paa. Nunua jina ghali kuliko yote duniani. Afisa wa wanyamapori hatalisoma, atapima risasi.

Kuna atakayesema anaitaka ya kulinda nyumba. Simkatazi, lakini kama anaishi kwenye fleti na watoto, ajue kuwa risasi ya bunduki ndefu inapenya kuta za ubao wa jasi na kuingia kwa jirani. Alifikirie hilo kwanza, bei baadaye.

Nirudi kwenye jina na chuma, nianze na bunduki ndogo, kwa sababu historia yake inafundisha kuliko maelezo ya kiwandani. Bunduki mbili za .22 za nusu otomatiki zimetawala soko la Marekani kwa miongo kadhaa. Ya kwanza ni Marlin Model 60, iliyoanza kutengenezwa 1960. Risasi zake zinakaa ndani ya bomba jembamba lililo chini ya mtutu, na bunduki zenyewe zimeuzwa zaidi ya milioni 11. Ya pili ni Ruger 10/22 ya mwaka 1964, yenye magazini ndogo ya mzunguko inayobeba risasi 10 na kuzama yote ndani ya kitako bila kuchomoza. Mtutu wa 10/22 umeshikwa na kipande kimoja na skrubu mbili tu, kwa hiyo kubadilisha mtutu ni kazi ya mezani, na kwa sababu hiyo limeota soko zima la makampuni yanayotengeneza vipuri vyake.

Kampuni ya Marlin ilikuwa na chapa ya pili, Glenfield, kwa ajili ya wanunuzi wa maduka makubwa yanayouza kwa bei nafuu. Kwa miaka mingi Model 60 ilibeba jina la Glenfield. Ndani mtambo wake ulikuwa wa ukoo mmoja na bunduki za Marlin zilizouzwa ghali zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa kitako: badala ya mti wa walnut uliokwanguliwa kwa ustadi, waliweka mti wa birch uliopakwa rangi, na kwenye nyingi za miaka ya 1970 waligandamiza picha ya kindi pale mkono unaposhika. Mtu aliyenunua Glenfield alinunua mtambo wa Marlin kwa bei ya chini, akakubali mti wa bei rahisi. Kindi alilengwa vizuri vilevile. Hadi leo ukiikuta Glenfield iliyotunzwa kwenye duka la vitu vilivyotumika, imekaa kona isiyoangaliwa, ichukue mkononi uitazame.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2008 Marlin ilinunuliwa na kundi lililomiliki Remington. Mwaka 2011 kiwanda chake cha Connecticut kikafungwa na kazi ikahamishiwa viwanda vingine vya Remington. Jina lilibaki lilelile, limechorwa palepale kwenye chuma, lakini wafanyakazi waliojua kila mashine kwa tabia yake hawakuhama pamoja na jina. Malalamiko ya ubora yakaenea kiasi kwamba wapenzi wa Marlin wakawa wanauliza bunduki imetengenezwa mwaka gani kabla ya kuuliza bei. Remington yenyewe, iliyoanzishwa 1816, ilifilisika 2018 na tena 2020. Ikauzwa vipandevipande, Marlin ikaenda kwa Ruger, na uzalishaji wa Model 60 ukakoma. Winchester ni hivyohivyo: kiwanda cha New Haven kilifungwa 2006, jina ni mali ya kampuni ya Olin, na bunduki zinatengenezwa kwa leseni na kundi la FN la Ubelgiji. Hizi za leo si mbaya hata kidogo, ila aliyelipa zaidi akidhani ananunua mikono ya babu zao wa New Haven amelipia kumbukumbu.

Kwa hiyo mtu akikwambia chapa fulani ni nzuri, muulize: ya mwaka gani, kutoka kiwanda gani, na nani anaimiliki leo? Asipojua, anakusimulia sifa za marehemu.

AR-15 imefikisha jambo hili mbali zaidi. Eugene Stoner aliibuni akiwa kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950. Haki zake zikauzwa kwa Colt mwaka 1959, na katikati ya miaka ya 1960 Colt ikaanza kuwauzia raia ile ya nusu otomatiki. Hataza za Stoner ziliisha muda wake 1977, na tangu hapo yeyote mwenye mashine na leseni anaweza kuitengeneza. Ndiyo maana leo kuna makumi ya chapa, na ndiyo maana vipande vyake vinaingiliana. Tena viwiliwili vyake vya alumini hufuliwa na viwanda vichache kama Cerro Forge na Anchor Harvey, vinavyouzia chapa nyingi kwa wakati mmoja. Alumini yenyewe kwa kawaida ni ya daraja la 7075-T6 kwenye bunduki ya dola 600 na kwenye ya dola 2,000. Colt, waliokuwa wenye mali, walisimamisha kwa muda uzalishaji wa bunduki hizi kwa raia mwaka 2019, na mwaka 2021 wakanunuliwa na kundi la CZ la Jamhuri ya Czech. Farasi wa nembo ya Colt bado yuko ubavuni. Waliomlisha wamebadilika.

Kama viwiliwili vinafanana, thamani iko wapi? Iko kwenye bolti, kwenye mtutu, na kwenye umakini wa aliyeunganisha.

Bolti ndiyo inayofunga chemba wakati risasi inalipuka, na ndiyo inayochoka kwanza. Bolti nzuri imetengenezwa kwa chuma kinachoitwa Carpenter 158 au kile cha 9310, imepigiwa risasi ya majaribio yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida, kisha imekaguliwa kwa njia ya sumaku inayoonyesha nyufa ambazo jicho halizioni. Kampuni makini huchora herufi za vipimo hivyo kwenye bolti yenyewe, MP kwa sumaku na HP au HPT kwa shinikizo. Mwombe muuzaji aitoe bolti uisome. Juu ya kibebeo cha bolti kuna kipande kidogo kinachopokea gesi, kimefungwa kwa skrubu mbili. Kitazame kwa makini, hata kwa tochi ya simu. Fundi mzuri akishakaza skrubu hizo hugonga chuma cha pembeni kwa patasi mpaka kiingie ndani ya meno ya vichwa vya skrubu, ili zisilegee. Utaona makovu mawili au matatu ya chuma kilichosukumwa. Ukiona vichwa vya skrubu viko safi, havijaguswa, au pamekwaruzwa juujuu tu, ujue siku moja skrubu zitalegea, gesi itavuja, na bunduki itaanza kukwama. Fanya hivyohivyo kwenye nati kubwa inayoshika bomba la kitako. Makovu hayo hayazidi dakika chache za kazi, lakini yanakuambia kama kiwandani kuna mtu anayejali.

Kwenye mtutu, soma maandishi. Ukiandikwa 5.56 NATO, unaweza kutumia risasi za 5.56 na za .223. Ukiandikwa .223 Remington peke yake, usiweke 5.56, kwa sababu chemba yake ni finyu mbele na shinikizo litapanda kupita kiwango. Chemba ya .223 Wylde inakubali zote mbili. Ndani ya mtutu tafuta kromu au nitraidi. Zote zinazuia kutu na kuchelewesha kuchakaa, na kwa mtu wa kawaida tofauti yao ni ndogo. Mtutu mtupu usio na kinga yoyote sikushauri, labda kama ni wa chuma cha pua. Urefu usipungue inchi 16, kwa sababu chini ya hapo sheria ya shirikisho inauhesabu kuwa wa aina nyingine yenye usajili wake.

Kisha uliza tundu la gesi liko umbali gani kutoka chemba. Kwenye mitutu ya inchi 16 utakuta mipangilio miwili: wa karibu, unaoitwa carbine, na wa kati. Tundu likiwa karibu na chemba, gesi inaingia ikiwa bado na shinikizo kubwa na kuipiga bolti kwa nguvu. Likisogea mbele, msukumo unapungua, bunduki inapiga bega kwa upole na vipande vinadumu. Mimi ningechagua wa kati kila mara bei zikikaribiana.

Neno utakalolisikia mno ni kwamba bunduki ina viwango vya jeshi. Lichukulie kwa tahadhari. Jeshi halinunui bunduki ya nusu otomatiki ya dukani kwako, kwa hiyo sifa hiyo inahusu kipande hiki au kile, si bunduki nzima.

Basi ile ya dola 2,000, ya Daniel Defense kwa mfano, inakupa nini? Kwa haki kabisa, inakupa mtutu bora, kishikio cha mbele kisichougusa mtutu ili mkono wako usihamishe shabaha, ukaguzi mkali zaidi kabla ya kutoka kiwandani, na uvumilivu wa maelfu mengi ya risasi. Anayepiga risasi 10,000 kwa mwaka, au polisi ambaye maisha yake yanategemea chombo hicho, atapata thamani ya kila dola. Mtu anayepiga risasi 500 kwa mwaka, akaenda kwa nguruwe mara mbili, hatafika pale ambapo tofauti hiyo inaonekana. Bunduki zitakuwa bora kuliko mikono yake kwa miaka mingi, ile ya ghali na ile ya wastani pia.

Upande wa chini kabisa nako kuna hatari yake. Kuna bunduki zinazouzwa chini ya bei ya kawaida kwa sababu zimeunganishwa na vipande vya masalio, kituo cha mbele cha kulengea kimepinda kidogo, bolti haina maandishi yoyote, na ukipiga simu kampuni haipokelewi. Kati ya hizo na zile za majina makubwa kuna eneo pana la thamani nzuri, kwa makadirio kati ya dola 600 na 1,000, ambako makampuni makubwa kama Ruger na Smith & Wesson yana bunduki za bei ya kati. Palmetto State Armory ya South Carolina inashuka chini zaidi ya hapo kwa bei, na mnunuzi anayejua kukagua bolti na zile skrubu mbili atatoka na bunduki nzuri.

Hapa jina linarudi kwa mlango wa haki. Jina lina thamani pale linapokuwa na mtu nyuma yake. Ruger imejulikana kwa miaka mingi kwa kupokea bunduki yenye hitilafu na kuirekebisha hata bila kadi ya waranti. Magazini za 10/22 utazipata katika mji wowote. Siku ukiuza, jina linalojulikana litarudisha sehemu kubwa ya hela yako. Haya ni mambo halisi, na nayalipia bila kinyongo. Ninachokataa ni kulipia nembo ili nionekane mbele ya wenzangu kwenye kiwanja cha shabaha. Watakaokuita mtu wa bunduki za bei rahisi watakuwepo, na hawatakulipia hata risasi moja.

Ukinunua iliyotumika, agiza kwanza magazini itolewe na bolti ifunguliwe, uangalie chemba kwa macho na kwa kidole, hata kama mwenye nayo ameapa kuwa ni tupu. Kisha tazama namba ya usajili: ikiwa imekwanguliwa au kufutwa, ondoka hapo hapo, kuimiliki tu ni kosa. Mulika ndani ya mtutu. Tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa, kuna mtu alikuwa akifungua bila kujua. Chunguza chini ya ukingo wa kitako, ambako kutu hujificha. Kwa Model 60 au Glenfield, chomoa bomba la ndani la shaba nyeupe uone halijapinda wala kubonyea, maana likipinda risasi hukwama humo, na kwa kuwa uzalishaji umekoma utatafuta vipuri kwa wauzaji wa vya zamani. Ukinunua kwa mtu binafsi, kutaneni kwenye duka lenye leseni, mlipie ada ndogo, ukaguzi ufanyike. Hata pale sheria ya jimbo hailazimishi, karatasi hiyo itakulinda iwapo bunduki ina historia.

Sehemu ambayo wengi wanaisahau ni hela inayobaki. Bunduki isiyopigwa haikufundishi kitu. Risasi ya .22 LR kwa sasa ni kama senti 6 hadi 10, ya .223 ni kati ya senti 40 na 60. Risasi 1,000 za mazoezi zitakugharimu si zaidi ya dola 100 kwa ndogo, na karibu dola 500 kwa kubwa. Aliyemaliza hela yote kwenye jina hana ya risasi, na baada ya mwaka analenga vibaya kuliko yule wa Glenfield. Weka ya kinga za masikio pia. Mlio wa bunduki hizi unafika desibeli 140 na zaidi, na usikivu ukipotea haurudi. Vaa vya kuingiza sikioni na vya kufunika juu yake kwa pamoja ukiwa na .223.

Weka na ya sefu. Hili sitalilegeza. Nyumba zetu zina watoto, na wajomba, na wageni wanaolala sebuleni wiki mbili. Juu ya kabati si mahali pa kufichia, na mtoto wa miaka sita anajua kila kona ya nyumba. Majimbo kadhaa, Michigan ikiwemo tangu 2024, yanamwajibisha mwenye bunduki kisheria ikiwa hakuifungia na mtoto akaifikia. Sefu, funguo kwako, risasi kwenye boksi lake lenye kufuli lake.

Na mafunzo. Kozi ya elimu ya uwindaji ni ya bei ndogo, na majimbo mengi yanaitaka kabla ya kupata leseni; Texas inaitaka kwa kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Septemba 1971. Nenda hata kama jimbo lako halikulazimishi. Utafundishwa kuelekeza mtutu pasipo na mtu, kuweka kidole nje ya triga, na kujua kilicho nyuma ya shabaha, na utafundishwa na mtu atakayekurekebisha papo hapo.

Kwa aliye na dola 1,000 na hajawahi kumiliki bunduki, uamuzi wangu ni huu. Anunue Ruger 10/22 ya kawaida, kwa kama dola 300. Atumie 150 kwa darubini ya kiasi, 150 kwa sefu ndogo, 50 kwa masikio na macho, 100 kwa risasi, na 150 kwa mafunzo na ada za kiwanja. Mia iliyobaki aiweke kwa risasi za miezi ijayo. Apige mwaka mzima. Baada ya hapo, kama bado anataka AR kwa ajili ya nguruwe, aichukue ya bei ya kati, yenye mtutu wa inchi 16, tundu la gesi la umbali wa kati, bolti iliyochorwa herufi zake na skrubu zilizogongwa. Ubavuni iwe imeandikwa jina lolote la kampuni inayopokea simu.